Utamu Uliopenya Darini

Mpishi wa kiwanda cha mashati alimtoa kuku kwenye oveni, akamgonga mgongoni kwa kijiko, akasikiliza. Ngozi iliitika kwa mlio mkavu, kama karatasi mpya. Ndivyo alivyotaka. Akamkamulia nusu ya limau, akaiondoa kwa ncha ya kisu punje ya kitunguu saumu iliyoungua ukingoni, akampanga kwenye sinia, kisha akafunika kila kitu kwa kitambaa cheupe chenye pindo la buluu.

Kitambaa kile kilikuwa kanuni ya kiwanda. Ngazi ya kwendea chumba cha kulia cha wakubwa ilianzia ndani ya bwalo la wafanyakazi, wala hapakuwa na njia nyingine, kwa hiyo chakula cha juu kilipaswa kupita kimefunikwa, kisije kikawatia watu mawazo. Kanuni ilitungwa baada ya mshona mifuko mmoja kuinuka kwenye benchi, macho kayafumba, akaifuata harufu ya nyama ya kukaanga ngazi zote mpaka mlangoni kwa meneja. Alipoulizwa ana shida gani, alisema hana shida yoyote, ni pua tu. Tangu hapo Mpishi alikatiza bwalo kila mchana na sinia lake kama mtu aliyebeba siri ya ndoa ya jirani: kila mmoja aliijua, hakuna aliyeiona.

Wafanyakazi walimwita Mama Mapochopocho. Jina lilianza kama kejeli, kwa sababu walichopakuliwa wao kilikuwa wali wa chenga na maharage, na kesho yake maharage na wali wa chenga. Yeye hakukasirika. Kupika alijua, kilichokosekana ni cha kupikia. Mafuta ya bwalo zima mtunza stoo alimpimia katika kikombe cha kahawa, tena akikiinamisha kabla hakijajaa.

Huko juu alikuwa na kila kitu ila mlaji. Meneja, mhasibu na mkuu wa mauzo walikula kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulishika simu. Walizungumza juu ya vitambaa vilivyokwama njiani na wanunuzi wasiopokea simu, na katikati ya maneno hayo kuku aliingia mdomoni, akashuka, akaisha. Sahani zilirudi tupu. Mwingine angeiona hiyo ni sifa. Mpishi aliona sahani tupu haisemi neno. Hata mbwa huacha sahani tupu, na mbwa angalau hutikisa mkia. Alikuwa amepika katika jiko lile tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, na hajapata kuambiwa, Mama, leo umeweza.

Mdogo wake wa mwisho alishona kola katika kiwanda hichohicho. Mama yao alipofariki, Mpishi ndiye aliyemlea, akamlisha kwa mkono wake, akamsuka, akamchapa mara moja na kulia yeye mwenyewe. Sasa waliishi chumba kimoja chenye pazia katikati. Sketi ya kazi ya mdogo mtu ilimkaa vizuri siku aliyopewa. Siku hizi aliishikilia kiunoni kwa pini, na kila Mpishi alipoiona ile pini alihisi imechomekwa kwake.

Kwa hiyo alifurahi aliposikia kwamba Ijumaa wafanyakazi watapanda juu kudai mafuta ya kutosha, na nyama walau mara moja kwa wiki. Kiongozi wao alikuwa fundi wa cherehani, mtu mwenye mikono mirefu na mdomo usio na breki, aliyeitwa Spana.

"Tukiendelea hivi," Spana alisema akikuna sahani kwa kijiko, "siku moja watakosea watutundike kwenye henga pamoja na mashati."

"Wewe hawawezi," alijibu bibi aliyepiga pasi mashati, ambaye wote walimwita Bibi Pasi. "Wewe utarudishwa na mnunuzi, umeteleza kwenye henga. Huna shingo."

Siku iliyofuata, Bibi Pasi alikaa mahali pake pa kawaida, chini ya lile doa la dari. Doa lilikuwa la kahawia, limetokana na bomba lililowahi kuvuja, na mbao za hapo zilikuwa zimeachana kidogo, kiasi kwamba miguu ya viti vya wakubwa ilisikika ikikwaruza. Alipeleka kijiko cha maharage mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Kisha akaanza tena, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwanawe.

"Leo maharage yana kuku," alisema.

"Bibi, hayana hata mafuta," alisema Spana.

"Yana kuku. Na ngozi yake inavunjika."

Spana aliinama juu ya sahani ya bibi, akachota, akala. Macho yalimtulia. "Na limau," alisema. "Aliyekamua hakuwa na haraka."

Wakamwita Mpishi. Alifuta mikono, akakaa pembeni ya Bibi Pasi, akaonja. Kwenye kijiko aliona maharage, na ulimi ulikuta maharage, yale yale, yamelainika kupita kiasi na chumvi haijatosha. Lakini mahali fulani nyuma ya macho, ndani, palifunguka kitu, na alikuwa kuku wake. Alimtambua kama mtu anavyotambua mshono wake mwenyewe. Kwa mbali kulikuwa hata na ile punje ya kitunguu saumu iliyoungua, ambayo aliiondoa lakini ilikuwa imekwisha kuacha neno lake.

"Ni kuku wa juu," alisema Mpishi. "Anashuka."

Watu wa meza nyingine walisogeza mabenchi. Hapakuwa na nafasi ya kutosha chini ya doa, kwa hiyo walipangiana zamu: watu wa kola kwanza, kisha mikono, kisha vifungo, na kila kundi lilikula vijiko vitatu likapisha. Msimamizi wa zamu alikuja kuuliza kelele za nini, akapewa kijiko, akaondoka akiwa hana swali. Kesho yake utamu ulikuwa umeenea meza mbili zaidi, na kesho kutwa ulifika mpaka kwenye karo la kuoshea vyombo, hata zamu zikawa hazina haja.

Ijumaa ilipofika, Spana alisimama kwenye benchi kama walivyokubaliana. Akaangalia ngazi, akaangalia sahani yake, akaketi.

"Twende tukadai nini jamani," alisema, "na midomo yote imejaa kuku?"

Walikuwa wanatafuna.

Mpishi aliyaona hayo akiwa amesimama na upawa mkononi, na itakuwa uongo kusema alihuzunika. Bibi Pasi alikuwa amemshika pindo la aproni, akamwambia, "Mama Mapochopocho, leo umejishinda. Umetia majani gani yale?" Mpishi aliyataja majani. Mtu wa vifungo akataka kujua siri ya ngozi. Mdogo wake mwenyewe, ambaye alikua akila chakula chake bila kusema kitu kwa sababu ndugu hawasifiani, alisema, "Dada, kumbe unajua hivi?" Usiku ule Mpishi alilala akitabasamu gizani, upande wake wa pazia.

Daktari wa kiwanda alikuja mwanzoni mwa mwezi, kama kawaida yake, kuwapima macho. Alikuwa kijana mpole mwenye mkoba mkubwa kuliko haja yake. Alikula bwaloni, akaomba kuongezwa, kisha akasogeza sahani pembeni na kuwaeleza, kwa kuwa waliuliza.

"Utamu haumo ndani ya kuku," alisema. "Kuku ana chumvi, ana mafuta, ana harufu. Ulimi ukivigusa, unabisha hodi tu. Anayefungua mlango ni ubongo, na utamu anao yeye humo ndani. Yeye ndiye anayeutoa."

"Basi ubongo wa meneja ni bahili," alisema Spana.

"Si bahili, umezoea. Wao wanajua ni kuku kabla hajafika nusu ya ngazi. Ubongo ukishamjua mgeni, jina lake, saa yake na kisa chake, hausimami tena kumpokea. Hutoa utamu mwingi kwa jambo lililozidi matarajio. Kwa hiyo kuku wa watu anabisha hodi pale juu, hafunguliwi." Daktari aliinua macho kwenye doa la dari. "Na hawezi kukaa kizingitini mchana kutwa. Ameshuka kutafuta wenyeji."

Watu walitikisa vichwa. Lilikuwa jambo la maana.

"Na sisi hatutamzoea?" aliuliza mdogo wake Mpishi.

"Nyinyi macho yenu yanaona maharage. Kila siku yanauahidi ubongo maharage, na kila siku unaletewa kuku. Hamtamzoea kamwe. Mnadanganywa upya kila mchana."

"Kwa faida yetu," alisema Bibi Pasi.

Daktari alipima macho ya watu wa kola, na alipofika kwa mdogo wake Mpishi, alishusha ngozi ya chini ya jicho lake kwa kidole gumba. Ndani palitakiwa kuwa pekundu. Palikuwa peupe kama kitambaa cha mashati ya shule.

"Unahitaji nyama," alimwambia. "Mayai, mboga za majani."

"Nyama nakula kila siku, daktari."

Daktari alipofunga mkoba, Mpishi alimfuata mpaka mlangoni. Daktari alishusha sauti. "Mama, utamu ni kengele. Kazi yake ni kuuita mwili mezani. Hapa kengele inalia vizuri sana, lakini mezani hakuna kitu. Nimemwandikia meneja mara mbili."

"Amesema nini?"

"Amesema amefurahi kusikia kengele inalia."

Na ni kweli meneja alifurahi. Kwa miaka yote bwalo lilikuwa likinung'unika chini ya miguu yake wakati wa kula, kama tumbo la jengo lenyewe, na sasa halikunung'unika. Aliteremka siku moja kuhakikisha. Aliwakuta watu wameinamia sahani, nyuso zimelegea kwa raha, na mmoja akamwambia kwa unyoofu kabisa, "Ahsante sana, mheshimiwa, leo ni paja." Meneja akahitimisha kwamba maharage yalikuwa mengi mno kwa watu walioridhika kiasi hicho. Wiki iliyofuata mtunza stoo alileta nusu ya gunia. Kikombe cha kahawa cha mafuta kikaachwa, kikaja kifuniko cha chupa.

Mpishi aliongeza maji. Hakuna aliyetambua. Maharage yaliogelea kwenye sufuria moja moja, yakipishana kwa adabu, na watu walichota maji yale ya kahawia, wakafumba macho, wakabishana kama leo kuna siagi au hakuna.

Spana alianza kazi ya ziada wakati wa mapumziko. Watu walimletea mikanda yao naye akawatobolea matundu mapya kwa msumari na nyundo, bure, huku akipiga mluzi. Mikanda mingine ilipata matundu mengi hata ncha yake ikazunguka kiuno na kukaribia kukutana na bizimu kwa upande wa pili. Bibi Pasi alikuwa mwepesi kiasi kwamba mvuke wa pasi ulimyumbisha, akawa anafungia mkasi mzito kwenye mfuko wa gauni lake. Walishona vizuri, tena kwa furaha. Kola za mdogo wake Mpishi zilikuwa zimenyooka kuliko wakati wowote, ila mara mojamoja aliegemeza paji la uso kwenye cherehani, akapumzika kidogo, akaendelea.

Pini ilihama kutoka mbele ya sketi ikaenda ubavuni. Kisha zikawa pini mbili.

Hapo Mpishi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe. Alikata paja la kuku wa juu, akalifunga kwenye karatasi, akaliweka mfukoni mwa aproni, na jioni, nyumbani, akalipasha moto na kulitia kwenye sahani mbele ya mdogo wake.

"Kula."

"La nini, dada? Nimeshiba kuku mchana."

"Hukula kuku mchana. Ulikula maji."

"Nilikula kuku," alisema mdogo wake bila ubishi, kama mtu anayetaja siku yake ya kuzaliwa. Lakini alimheshimu dada yake, kwa hiyo alikata kipande, akatafuna, akatafuna, akameza kwa maji.

"Kakosa nini?" aliuliza Mpishi.

"Hajakosa kitu. Mtamu." Aliona dada yake anasubiri. "Ila huyu ukimwona unajua ni kuku, na ukimla ni kuku. Yule wa kwenye maharage ana kitu zaidi. Usikasirike, eti?" Akalisukuma paja, halijafika nusu. "Kula wewe, dada. Umekonda."

Mpishi alikaa na lile paja mbele yake. Lilipoa, mafuta yakaganda yakawa meupe. Alifikiri kwa kirefu, na alipomaliza kufikiri alijua la kufanya, na lilimuuma kama kuambiwa akate nywele za mtu aliyelala.

Asubuhi alimchukua kuku mzuri kuliko wote stooni, akamharibu. Alimchemsha bila chumvi mpaka nyama ikaachana na mfupa kwa kukata tamaa. Kisha akamtia kwenye oveni na kumsahau kwa makusudi, akimpa mgongo, mikono ameikunja kifuani ili isije ikamwokoa. Moshi ulipotoka alimpanga kwenye sinia bila limau. Kuku alikuwa mweusi juu, wa kijivu ndani, na alinuka kama kitambaa cha jikoni kilichoachwa ndooni. Akamfunika kwa kitambaa cheupe chenye pindo la buluu. Kwa mara ya kwanza kitambaa kile kilikuwa na faida.

Alisimama nyuma ya mlango wa chumba cha juu, akasikiliza. Moyoni alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Mkuu wa mauzo alisema vitambaa vimefika. Mhasibu akasema si vyote. Meneja akaomba apitishiwe chumvi, ikapitishwa, na simu yake ikaita kabla hajaitumia. Sahani zilirudi tupu, mifupa imepangwa ukingoni. Mpishi alizitazama sahani zile, na kwa kitambo alisahau kabisa sababu iliyomfanya aharibu chakula. Miaka yote hiyo ya limau.

Kisha akasikia kimya kutoka chini.

Bwaloni vijiko vilikuwa vimeshushwa, maana kilichopenya darini leo kilikuwa ladha ya kuungua. Watu walitazama sahani zao, na kwa kuwa hapakuwa na utamu wa kuwashughulisha, waliona kilichokuwamo: maji, na maharage ambayo mtu angeweza kuyapa majina. Walipoinua macho wakaonana. Mtu wa vifungo alitazama mifupa ya bega la mwenzake kama anayeiona kwa mara ya kwanza. Bibi Pasi alishika kifundo cha mkono wake kwa vidole viwili, vidole vikapita na nafasi ikabaki. Mdogo wake Mpishi alijigusa kiunoni, zilipokuwa pini.

"Jamani," alisema Bibi Pasi taratibu. "Tumekuwaje?"

Spana alisimama kwenye benchi. Mishipa ya shingo yake ilionekana, maana sasa alikuwa na shingo.

"Tunapanda juu," alisema. "Si Ijumaa. Sasa hivi."

Wakapanda wote. Mpishi aliwapisha kwenye ngazi, akawafuata nyuma, moyo wake ukiruka kama mfuniko wa chungu kinachochemka. Aliwaza nyama mara moja kwa wiki. Aliwaza mayai. Aliwaza hata, kwa woga, mboga za majani zilizokaangwa kwa mafuta ya kutosha, na jinsi ambavyo ngazi hii haikuwahi kubeba watu wengi hivi.

Wakubwa waliweka simu chini. Spana alivua kofia.

"Mheshimiwa meneja," alisema, "tumekuja kwa heshima, lakini tumekuja wote. Chakula hakiridhishi."

"Chakula gani?" aliuliza meneja.

"Chakula chenu."

Meneja alimtazama mhasibu. Mhasibu alitazama mahali palipokuwa na sahani yake.

"Leo mmelishwa kuku aliyeungua, mheshimiwa, asiye na chumvi, na hamkusema kitu. Sisi huko chini tumeumia. Wakubwa wa kiwanda kizima kama hiki, mle hivyo? Tunadai mpewe kuku wa kienyeji asiyelala stoo. Tunadai siagi. Limau lisikosekane."

"Na keki," alisema mtu wa vifungo kutoka nyuma. "Siku za Ijumaa."

"Na keki siku za Ijumaa," alisema Spana. "Iwe na krimu."

Mpishi alijipenyeza mpaka mbele, aproni imemkaa upande. "Mimi ndiye niliyemharibu yule kuku," alisema. "Nilifanya makusudi. Spana, waambie mafuta ya chini. Waambie maharage."

"Mama Mapochopocho," Spana alimwambia kwa upole, akimwekea mkono begani, "tusichanganye mambo. Tukidai vingi, tutakosa vyote."

Meneja alikuwa ametoa leso. Tangu aajiriwe, alisema, hakuna mfanyakazi aliyewahi kumuuliza amekula nini, na sasa wote hawa wamepanda ngazi kwa ajili ya tumbo lake. Mkuu wa mauzo naye alisafisha koo. Madai yote yalikubaliwa palepale, pamoja na krimu. Mhasibu aliuliza gharama itatoka wapi, na meneja, akiwa bado na leso usoni, alisema watu wenye moyo kama huu hawawezi kukosa kuelewa maharage yakipungua kidogo. Watu wa kola walipiga makofi. Bibi Pasi alipiga kigelegele kifupi, kisha akashika ukuta.

Mpishi hakufukuzwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba alikuwa amekiri.

Tangu hapo hajapata kupika kwa raha kama anavyopika sasa. Stoo imejaa. Siagi inaletwa imefungwa kwenye karatasi ya kung'aa, malimau yanakuja na majani yake, na keki ya Ijumaa inamfanya aamke akiwa tayari anafikiria mayai. Anapanda ngazi na sinia lililofunikwa, kwa kuwa kanuni haijabadilika, na wakubwa wanakula kwa mkono mmoja. Sahani zinarudi tupu. Lakini akishuka, bwalo zima linamngoja kwa macho, na kabla hajafika jikoni wanaanza kumwambia: Mama, leo umeweza. Mama, hiyo krimu umeipiga kwa muda gani? Spana amejifunza majina ya viungo vyote na anayatamka kama majina ya wajukuu. Daktari bado huja kila mwezi. Hushusha ngozi ya chini ya macho yao, huandika, hufunga mkoba, na kabla ya kuondoka hula sahani moja, kwa sababu naye ni binadamu.

Ijumaa moja Mpishi alimaliza kupakua mapema, akaketi pembeni ya mdogo wake, chini ya doa la dari, mahali ambapo utamu hufika ukiwa bado wa moto. Kwenye sahani palikuwa na maji na maharage matatu. Alikula moja. Keki ikafunguka nyuma ya macho yake, laini, krimu ikiwa baridi kidogo kama alivyokusudia, na akakubali moyoni kwamba ilikuwa keki nzuri sana, pengine nzuri kuliko zote alizowahi kuoka.

"Umetia ganda la limau," alisema mdogo wake, macho kayafumba.

"Kidogo tu."

"Nimelisikia." Alimeza, akatabasamu, akaegemea bega la dada yake. Hakuwa na uzito wowote. "Dada, una pini nyingine?"

Mpishi alikuwa nazo kwenye ukosi wa aproni. Siku hizi hatembei bila pini. Alichomoa moja, akaivuta sketi mpaka ikashika kiuno, akatafuta mahali pasipokuwa na pini.

"Usitikisike, nitakuchoma," alisema.

Mdogo wake hakutikisika. Alikuwa anatafuna.